Kunguru Katika Wimbo wa Nne

Kila Alhamisi, Kirumba, nyuma ya duka la Lushinge,
kati ya redio zilizofumuliwa matumbo
na feni moja inayozunguka kwa huruma ya waya,
tunakaa watu wanne kuhukumu.
Harufu ya dagaa inapanda kutoka mwaloni,
haibishi hodi, haina maoni.

Lushinge husikiliza kwa kiganja.
Anakiweka juu ya spika kama apimaye homa ya mtoto;
besi ikiwa nyembamba, basi,
albamu nzima ameizika kabla ya ubeti wa pili.
Kokushubira hufundisha Kiswahili pale Bwiru,
kwa hiyo yeye anasahihisha. "Hapa kalazimisha kina.
Mapenzi na mapenzi! Hata huyo mpenzi angechoka."
Bwire, mtoto wa Ukara, hataki maneno kabisa;
anangoja magitaa yaachiwe peke yake mwishoni,
na mwimbaji akirudi kwenye kipaza sauti
anasonya, kama aliyeingiliwa chumbani.

Mimi nilikuja na kaseti moja tu:
"Deni la Sukari," ya Nyota Nne Jazz,
ganda limepasuka, limefungwa plasta ya hospitali.
Niliirekodi mwenyewe, nina miaka kumi na miwili, Igombe,
redio ya jirani huku, redio yetu huku,
zimetazamana kama watu wanaodaiana,
na mimi katikati nimebana pumzi.

Miaka tisa wameitukana.
Lushinge: besi hii ni mbu ndani ya debe.
Koku: sukari, bahari, habari,
huyu alikuwa anatunga au anaokota?
Bwire alisema gitaa la pili limepotea njia
na la kwanza linaona haya kuliita.
Nilibisha hadi mate yakanikauka.
Nilimwambia Bwire ana masikio ya mtu aliyekua bila jirani.
Alhamisi mbili hatukusemezana
kwa ajili ya gitaa la watu tusiowajua.

Wiki iliyopita mpwa wa Lushinge akaipata kwenye simu,
safi, imeoshwa, kila kitu mahali pake.
Besi ikatoka nene, ya kushikika.
Lushinge akaitikia kwa kichwa, mara ya kwanza tangu tujuane.
Gitaa la pili kumbe halikupotea,
lilikuwa linapitia nyuma ya nyumba.
Nikaanza kuvimba kichwa, naona ushindi unakuja na viatu mkononi.

Wimbo wa nne.
Pale mwimbaji anapovuta pumzi kabla ya kiitikio
sote wanne tukainua vidole,
na pakapita kimya.
Kimya cha studio, kilichopigwa pasi.

Bwire akaitazama simu kama imemwibia.
"Mama yuko wapi?"

Maana kwenye kaseti yangu, palepale,
mama anapaza sauti kutoka uani:
"We Sayi! Kunguru! Kunguru wanamaliza dagaa!"
halafu miguu yangu, halafu mlango,
halafu bendi inaendelea kana kwamba ndiyo iliyotumwa.

Sikujua kwamba wanamsubiri.
Miaka tisa nilidhani wanamvumilia.

"Hii imepunguzwa," Lushinge akasema, akaizima.
Koku, asiyesamehe hata mkato,
akasema mashairi ya bwana yule yote ni mabovu,
ila mstari wa kunguru
ndio pekee ambao haukulazimishwa.
"Tena ameingia kwenye pigo," Bwire akagonga meza.
"Sikilizeni. Ku-ngu-ru."
Tukairudisha kaseti, tukamsikia mara tatu,
kisha tukagombana upya kuhusu wimbo wa tano.

Jumapili nikaipeleka Igombe.
Mama akasikiliza huku akipepeta mchele,
ungo haukusimama hata alipofika yeye mwenyewe.
"Huyo siyo mimi," akasema. "Mimi sipigi kelele."
Akachagua kijiwe, akakitupa.
"Na hao wapigaji ni akina nani?
Gitaa moja limepotea."